Povu Ndani ya Dumu

Dobi alikuwa na sifa moja asiyokubali ichezewe: nguo zake hazitoki na sabuni. Miaka thelathini alisuuza mara tatu, na wateja walijua. Kwa hiyo alasiri ile, alipofungua dumu la hospitali na kuliona povu limesimama juu ya mkojo wa bintiye, alinywea.

Maagizo yalikuwa mepesi: mkojo wote wa siku nzima uingie humo. Lakini dobi hakuamini chombo alichooshewa na mtu mwingine, akaliosha dumu mwenyewe, bila kuombwa. Sasa povu. Sabuni imebaki. Amemharibia mtoto kipimo!

Kumwambia aanze upya hakuweza. Uso ulikuwa umemvimba, viungo vinamuuma, hata kopo la haja alipelekewa kitandani. Dobi akamwaga wote, akasuuza dumu mara sita, na hadi asubuhi akalijaza mkojo wake mwenyewe. Si damu moja? alijiambia.

Wiki iliyofuata walikaa mbele ya daktari, mwanamke aliyekauka sauti kwa kusema kutwa.

"Nashangaa," alisema. "Damu inasema hili, mkojo unasema lile. Kingamwili ziko juu mno."

"Si ndizo zinatulinda?" dobi aliuliza.

"Ndizo, mzee. Ila kwenye ugonjwa huu wa lupasi, mlinzi humgeukia mwenye nyumba. Zinashikana na vipande vya seli za mwili wenyewe, zinanasa kwenye vichujio vya figo, navyo vinavimba na kuharibika. Protini ya damu inavujia kwenye mkojo, ndiyo maana mkojo wa wagonjwa hawa hutoka povu. Lakini wa huyu ni safi. Nilitaka kuchukua kinyama cha figo tukipime. Basi tungoje miezi mitatu."

"Afadhali," binti alisema, macho kayafumba. "Nimechoka kuchomwachomwa."

Dobi akapiga hesabu. Akinyamaza, mtoto atapumzika miezi mitatu, na figo zitaliwa kimyakimya.

"Daktari, mkojo ule ni wangu."

"Wako vipi?"

Akaeleza yote, akitazama viatu vyake. Binti alifumbua macho.

"Baba! Yaani wewe?"

"Nilidhani nimesuuza vibaya, mama."

"Wewe, usuuze vibaya?" Alicheka, pumzi ikamkatisha. "Povu hilo ninalo tangu mwezi uliopita."

"Mbona hukusema?"

"Nikuambie nini, baba? Njoo utazame mkojo wangu?"

Daktari hakucheka. Alikuwa ameshavuta fomu nyingine.

"Leo analala wodini. Kesho tunachukua kinyama. Tukikuta zinazoshambulia figo ni hizo kingamwili, tunaanza dawa ya kuzituliza siku hiyohiyo."

"Figo zitapona?"

"Sijui, mzee. Ungeniambia wiki iliyopita, ningekuwa najua zaidi."

Dobi aliinuka, akampa binti mkono.

Njia ya wodini ilikuwa ndefu. Kila hatua kumi binti alisimama, naye akasimama.

"Umeniudhi," binti alisema.

"Najua."

"Ila figo zako nzima. Daktari kasema."

"Zipo mbili. Ukikwama, chagua."

"Usinitanie, baba."

"Sitanii."

Binti alimwegemea begani kwa uzito wake wote, wakaendelea polepole kuelekea mlango wa wodi.