Sekunde Kumi na Mbili za Bonde la Skor

Jumatatu saa tatu asubuhi Åshild alitundika koti lake lililolowa nyuma ya mlango, akamimina kahawa, akaketi kuangalia kazi aliyoiacha kompyuta ikiichakata tangu Ijumaa. Kazi ilikuwa imekwama. Programu ilikuwa imeandika kwa rangi nyekundu kwamba kuna hitilafu kwenye fremu ya 212, kisha ikamtakia siku njema.

Studio yao iko Førde, ghorofani juu ya duka la vifaa vya kuvulia samaki. Wako wawili tu, yeye na Jostein, na kazi yao ni kupanga picha tabaka juu ya tabaka kama mtu anayetandika mashuka, ili mtazamaji aone kitanda kimoja. Safari hii kazi ilitoka kwa kampuni ya umeme, iliyokuwa inatimiza miaka sabini. Filamu ingeonyeshwa Jumamosi kwenye ukumbi wa halmashauri, na Åshild alitakiwa kuikabidhi Alhamisi saa kumi jioni.

Kipande kilichokwama kilikuwa cha sekunde kumi na mbili. Mwaka 1954 mtu wa kampuni alisimama na kamera mlimani, juu kidogo ya shamba la Haugen katika bonde la Skor, akapiga picha ya nyumba, zizi, barabara na mashamba, na mwanamume mmoja anayepasua kuni akiwa ameipa kamera mgongo. Juu ya picha hiyo Åshild alitakiwa kuweka maji ya kutengeneza. Yapande kutoka mtoni, yafunike kila kitu, yageuke ziwa tulivu la leo, kisha maneno yatokee: *1954, bonde tupu. Leo, bonde la mwanga.*

Maji yalipanda vizuri. Yalifunika mashamba, yakafunika barabara, yakameza zizi. Yalipofika kwenye kizingiti cha nyumba ya Haugen yalisimama. Uwanja wa mbele ulibaki mkavu, mwanamume aliendelea kupasua kuni, na kwenye bomba la paa moshi ulianza kutoka, ingawa katika picha ya asili haukuwepo.

"Umefuta kashe?" aliuliza Jostein bila kugeuka. Jostein anaamini kila balaa duniani linatokana na kumbukumbu za muda zilizojaa kwenye mashine, hata kikohozi cha mke wake.

Åshild alifuta kashe. Akazima kadi ya picha ili kichakataji kifanye kazi peke yake. Akaweka toleo jipya la programu, akarudisha la zamani. Akahamishia kila kitu kwenye mradi mpya. Badala ya filamu moja akatoa picha mia tatu mojamoja, akazikagua kwa macho yake. Kuanzia ya 212 hadi ya 300 maji yalisimama kizingitini, na moshi ulipanda.

Alipiga simu kwa watengenezaji wa programu. Kijana aliyepokea alimsikiliza kwa adabu.

"Maji yanasimama kwenye nyumba zote au moja tu?"

"Moja."

"Aa, moja. Hiyo hutokea," alisema kijana. "Zima tabaka nusu, uchakate. Tatizo likiondoka, limo kwenye ile nusu uliyozima. Endelea kugawa hadi ulibaini tabaka lenyewe."

Kila fundi anaijua njia hiyo. Mchana wote Åshild aliifuata, akazima nusu, na nusu ya nusu, kisha moja moja. Saa tisa na nusu alikuwa ameshazima yote: maji, mawingu, maneno, mpaka picha yenyewe ya mwaka 1954. Hapakuwa na kitu cha kuchakata. Skrini ilitoa weusi mtupu, na katikati ya weusi nyumba ya Haugen, na mwanamume anapasua kuni.

Jostein alikuja akasimama nyuma ya kiti chake, akakuna kidevu.

"Basi si tabaka," alisema. "Afadhali. Lingekuwa tabaka tungehangaika."

Jumanne mama yake Åshild alileta chakula cha mchana. Bibi Gunnvor ana miaka sabini na saba, na tangu astaafu kazi ya posta hawezi kuona mtu mzima akila mkate wa dukani. Alifunua waffle zilizofungwa kitambaani, akakata jibini la kahawia, akauliza kama siku hizi studio haina desturi ya kumpisha mtu kiti. Kisha akatazama skrini.

"Ile ni nyumba yetu," alisema. "Na ile ni Jumatatu. Mama anafua, ndio moshi huo."

Åshild alijua kwamba mama yake alizaliwa katika bonde lile, lakini jina la Haugen hakuwahi kulisikia nyumbani. Babu yake, Torkjell, alifariki majira ya baridi yaliyofuata baada ya bonde kujazwa maji, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya kiwanda, na bibi yake akaacha kabisa kuzungumzia mambo ya kule. Picha za familia zilikuwa kwenye droo ya kabati. Kabati lilibaki ndani ya nyumba, na nyumba ikabaki chini ya maji.

"Kwa nini maji hayaingii, mama?"

"Baba hakutia saini," alisema Gunnvor, akimpa Jostein waffle ya pili. "Wengine walitia, wakapewa tarehe. Yeye alikataa. Siku moja karatasi ikatokea na jina lake chini, mwandiko si wake, na kwenye ramani yao nyumba yetu ikapakwa kijivu. Kijivu maana yake hakuna mtu. Wakafunga malango ya bwawa Jumatatu, sisi tuko mezani. Tulitoka na mabakuli mkononi." Alipangusa vidole. "Nenda mbele kidogo basi. Nataka kumwona akigeuka."

"Hakuna mbele, mama. Ni sekunde kumi na mbili tu."

"Chakata tena, mwanangu. Nimekuja na muda wangu."

Alichakata tena. Baada ya dakika arobaini programu ilitoa hitilafu ileile, lakini kipande hakikuwa kilekile. Kilianzia pale cha kwanza kilipoishia. Mwanamume aliegemeza shoka, akatema mate viganjani, akalishika tena. Mwanamke mwenye aproni alitoka na beseni, akaanza kuanika shuka kwenye kamba. Sekunde kumi na mbili zikaisha.

"Wewe, kumbe inaendelea," alisema Jostein. "Kama kawaida yake ni hiyo, iache usiku kucha, asubuhi mtakuwa mmefika jioni ya siku ile."

Waliiacha. Asubuhi walikuta imechakata mara kumi, na mara zote kumi ni sekunde zilezile za shuka. Mashine haikusogea mpaka Gunnvor alipofika saa tatu, akavua viatu na kukaa. Baada ya hapo ikasogea.

Hivyo ndivyo Jumatano ilivyopita, na sehemu ya Alhamisi. Kila dakika arobaini walipata sekunde kumi na mbili. Katikati Gunnvor alifuma soksi, akasimulia yale ambayo kamera haikuyaona. Nyuma ya nyumba palikuwa na mti wa matufaha machachu ambayo hata nguruwe aliyakataa. Farasi aliitwa Brune, na akipita mtu wa kampuni alimwelekezea matako. Maziwa ya mbuzi yalichemka jikoni kutwa nzima hadi kuwa jibini, na harufu yake ilikaa kwenye nywele zako mpaka shuleni, watoto wa ng'ambo ya mto wakakuzibia pua. Alisema haya akicheka. Åshild, ambaye kwa miaka arobaini na tisa alidhani mama yake ni mtu asiyekumbuka mambo, alijisikia vibaya kwa sababu hakuwahi kuuliza.

"Uso wa baba sina," alisema Gunnvor. "Nina mgongo. Nina mikono, nina hata kikohozi chake. Mtu anafikiri uso utakuwa wa mwisho kwenda, kumbe ndio ulioanza."

Baba yake hakugeuka. Alikuwa na rundo kubwa la kuni na hakuwa na haraka. Alichukua gogo, akaliweka, akalipasua, akachukua jingine. Katika kipande cha kumi na tisa mlango ulifunguliwa, akatoka msichana wa miaka saba mwenye gauni lililomzidi. Alikwenda akasimama upande wa pili wa kigogo cha kupasulia, akamtazama baba yake usoni.

Gunnvor aliweka soksi chini.

"Gauni la dada yangu hilo," alisema. Kisha akasogea karibu na skrini. "Anamwona. Tazama, anamwona waziwazi! Na wala hashiki kitu akilini, mpumbavu yule. Anafikiria uji."

"Mama, ulikuwa mtoto."

"Ningemzaba kibao."

Msichana alijikuna goti, akarudi ndani.

Alhamisi saa nane na dakika kumi Sindre alipiga simu. Sindre ndiye aliyeshughulikia sherehe kwa upande wa kampuni, kijana mpole, mwenye kuuliza kwanza hali ya nyumbani. Åshild alimtumia kipande. Kisha akamweleza: nyumba haifunikwi kwa kuwa mwenyewe hakutia saini, na mtoto wa mwenyewe amekaa hapa anafuma soksi.

"Naelewa kabisa, dada," alisema Sindre. "Mpe salamu zangu. Moshi nao umetoka vizuri sana."

"Basi badilisheni yale maneno. Bonde halikuwa tupu. Mtu yumo, anaonekana."

"Maneno yalipitishwa na bodi Januari. Siwezi kuyagusa." Alisikika akiulizana na wenzake. "Lakini wa matangazo wana wazo. Pale ilipo nyumba, wekeni nembo ya kampuni. Itakuwa na maana pia, kwamba sisi tulianzia hapo."

"Nipe mpaka kesho jioni."

"Kesho wanajaribu mitambo ukumbini. Saa kumi leo, dada yangu, tafadhali. Nisaidie."

Åshild alikata simu, akatazama saa. Kulikuwa na muda wa vipande viwili, au kipande kimoja na nembo. Studio ilikuwa na kazi nyingine mbili mwaka ule, zote za kampuni ileile. Jostein alikuwa na mkopo wa nyumba na mke anayekohoa.

"Lisilo budi hutendwa," alisema Gunnvor. "Chakata kimoja, halafu weka hicho kitu chao."

Kipande cha ishirini na sita kilitoka saa tisa kasoro dakika tano. Torkjell alipasua gogo, akapasua jingine, kisha akalikita shoka kwenye kigogo na kuliacha hapo. Akajinyoosha. Akaanza kuvuta kitambaa mfukoni. Sekunde kumi na mbili zikaisha.

Åshild aliweka nembo. Ukubwa wake umeandikwa kwenye kitabu cha kampuni, hauongezwi wala haupunguzwi, na mahali pake pia pamepimwa, kwa hiyo ilifunika nyumba, moshi, kamba ya shuka na mwanamume hadi magotini. Chini ya ukingo kilibaki kipande cha uwanja mkavu, na buti mbili zilizoelekeza visigino kwa mtazamaji.

"Buti nani atazitazama?" alisema Sindre kwenye simu. "Tuma tu."

Safari hii programu ilifika fremu ya 300 bila kulalamika, ikaandika kwa kijani kwamba kazi imekamilika. Alipokwisha kuituma, Åshild aliiondoa nembo na kuchakata upya, mama yake akiwa amekaa palepale. Maji yalipanda kutoka mtoni, yakafika kizingitini, yakavuka. Yalifunika uwanja, yakafunika mlango, yakafunika paa, mpaka kukawa na ziwa tulivu. Hakuna hitilafu yoyote iliyoripotiwa. Alirudia mara mbili, kisha Gunnvor akaanza kuvaa viatu vyake.

"Nimekukosesha uso wake, mama," alisema Åshild. Alikuwa analia, na hakujificha.

"Nilikuwa na mgongo. Sasa nina mgongo unaotembea," alisema Gunnvor. "Nifungulie mlango, mikono yangu imejaa sufu."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Kulikuwa na keki ya malai na kahawa kwenye matangi ya chuma, na wazee waliotoka bonde la Skor walitengewa safu ya kwanza, viti sita, ingawa walikuwa wamebaki watatu. Mwenyekiti wa kampuni aliwashukuru kwa moyo wao wa kujitolea. Taa zikazimwa.

Kipande chao kilikuja dakika ya pili. Mashamba yakaingia maji, barabara ikaingia maji, na nembo ikang'aa mahali pake. Gunnvor hakuitazama nembo. Alitazama chini ya ukingo wake, na Åshild, aliyekaa kando yake, akafuata macho yake.

Visigino viliinuka. Buti ya kushoto ilizunguka juu ya vibanzi vya kuni, ya kulia ikaifuata, na zote mbili zikatulia zikiwa zimeelekeza ncha kwenye viti vya ukumbi.

"Amegeuka," alisema Gunnvor kwa sauti ya kawaida.

Mzee wa kiti cha tatu, aliyezaliwa ng'ambo ya mto, alitikisa kichwa kukubali. "Torkjell," alisema. "Buti zilezile."

Gunnvor aliinamisha kichwa kushoto, kisha kulia, kama tunavyofanya sote tukiketi nyuma ya mtu mrefu. Nembo ilikuwa ya shaba na buluu, safi, isiyo na doa. Maneno yakatokea juu yake: *1954, bonde tupu.* Buti zilisimama zikisubiri hadi sekunde zilipokwisha, na ukumbi mzima ukapiga makofi.