Gari Lililopiga Hodi Mtaa Mzima

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, naapa kwa meno yangu yaliyobaki. Anayebisha akamuulize mke wangu, maana alikuwepo. Ila akimkuta, asimuulize sana.

Gari letu lilianza kugonga nyuma. Nikiachia mafuta kisha nikakanyaga tena, ngo! Nikitoka gia ya mbele kwenda rivasi, ngo! Mlio ulikuwa mkubwa kiasi kwamba nikipita mtaani polepole, watu wanaitikia kutoka ndani: "Karibu! Mlango uko wazi!" Ajuza mmoja alishaanza kupanguza kiti cha mgeni.

Sasa, binti yetu alikuwa amejifungua mapacha, wajukuu wetu wa kwanza, na kesho yake tulikuwa na safari ya kwenda kuwaona. Nilishajiona kwenye usukani, kofia imelala upande, napiga honi mlangoni kwa mkwe. Babu kafika! Kumbe mke wangu naye alishajiona kwenye usukani huohuo.

"Hiyo ni difu," nikatangaza. "Yale magia ya kati ya magurudumu ya nyuma yameisha meno. Mimi naijua difu kwa mlio kama mama anavyojua kilio cha mwanawe."

"Difu iliyoisha meno hulia njia nzima," akasema mke wangu, ambaye ameshona nguo za watu maisha yake yote. "Hii inagonga pale nguvu inapogeuka tu. Cherehani yangu iliwahi kufanya hivyohivyo. Ukirudisha gurudumu nyuma linazunguka bure kidogo, halafu ngo, ndipo sindano inaamka. Mashine haikuwa na neno, kiungo ndicho kilicholegea. Hapa ni krosi ya propela, kiungo cha kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu nyuma."

"Gari na cherehani wapi na wapi?"

Shemeji yangu, mdogo wake, alikuwa mlangoni akimenya chungwa. "Shemeji, mtu aliyekupunguzia kila suruali unayovaa anajua kilicholegea. Wekeaneni dau, mimi mwamuzi."

Dau likawa hili: atakayepatia ndiye dereva wa kesho. Atakayekosea atakaa kiti cha nyuma, bila kutamka neno, mpaka tufike. Nikakubali haraka, kama mtu aliyeshiba anavyokubali kufunga.

Tukaenda kwa fundi, tunayemwita Robo Neno kwa sababu nusu hafikishi. Akaliendesha gari kwenye matuta, mahali vizuia mtikisiko vilivyochoka hugonga. Halikugonga. "Si bushi. Si shokapu," akasema, na kwake hiyo ilikuwa hotuba. Akaweka mawe kwenye magurudumu ya mbele, akatoa gia, akainua nyuma kwa jeki, akaingia chini.

Nikachuchumaa nyuma ya mgongo wa mke wangu na kuanza kumkonyeza fundi. Jicho la kulia. La kushoto. Yote mawili. Nikaumba neno kwa midomo bila sauti: di-fu.

Siku hiyo, sijui alikula nini, Robo Neno akapata ulimi.

"Mama," akasema kutoka uvunguni, "kwanza mpeleke mzee kwa daktari wa macho. Tangu niingie huku yanampapatika. Halafu njoo uone."

Akashika kichwa cha difu kwa mkono mmoja kisitikisike, na kwa mkono mwingine akaizungusha propela huku na huku. Difu imetulia tuli. Propela inacheza, ngo, ngo, palepale kwenye krosi, na unga wa kutu unadondoka kama pilipili ya kusaga.

Shemeji alicheka mpaka akashikilia bodi ya gari. "Umemhonga fundi kwa kope!"

"Vumbi liliniingia," nikasema.

"Macho yote mawili?" mke wangu akauliza.

"Lilikuwa vumbi jingi."

Krosi mpya ikaingia. Mbele, nyuma, mbele tena: gari kimya kama paka anayenyata. Hata mimi furaha ilinishinda, nikampigia mke wangu makofi. Bila masikio yake, wale mapacha wangetusubiri mpaka waote ndevu.

Kesho yake nikalipa deni. Mke wangu kwenye usukani, shemeji pembeni yake, mimi nyuma nimebanwa na mafurushi ya nepi. Hatujafika hata barabara kuu, shemeji akasema kwa sauti ya asali: "Dada, nikumbushe siku shemeji alipokuja nyumbani kukuposa."

Hadithi hiyo mimi huisimulia ikiwa na simba wawili na mto uliofurika, nikiogelea na viatu mdomoni.

"Ah," akasema mke wangu, akibadilisha gia taratibu, "alikimbizwa na kile kimbwa chetu, akapanda juu ya tangi la maji. Baba akaongea naye mambo yote ya mahari akitazama mbinguni."

Nikauma kola ya shati.

"Naona huko nyuma kuna mtu ana jambo," akasema, akinitazama kwenye kioo. "Mbwa alikuwa mkubwa kiasi gani, baba watoto?"

Bila neno, nikapanua mikono: ndama.

"Punguza," akasema shemeji.

Nikapunguza.

"Punguza tena."

Mpaka tunafika mlangoni kwa mapacha, katikati ya mikono yangu ilikuwa imebaki nafasi ya paka, tena paka mwenye njaa.