Kifungo Kilichokosa Mwenyewe

Tusekile alikuwa anamenya ndizi za mchana nyumbani kwake Soweto, Mbeya, mgeni alipopiga hodi. Lilikuwa jibaba lenye suti ya kaki na begi.

"Ugonile, mama," akasalimia. "Mimi ni kifungo cha miaka mitano, cha Liberatus."

Tusekile akamsogezea kigoda. Tusekile alimfahamu Liberatus. Ndiye aliyewauzia wakulima majivu yaliyotiwa rangi, akisema ni mbolea, na Tusekile alitoa ushahidi mahakamani. Mwaka ule mahindi yake yalikuwa mafupi kuliko kuku.

"Nilitolewa jana asubuhi," kifungo kikasema. "Mchana wakasema mwenyewe ana presha, akaachiwa aende kwake. Nikabaki kizimbani peke yangu. Nyumba niliyosikia ikitajwa kwenye ushahidi ni yako tu."

"Basi hutalala nje," Tusekile akaahidi, "mpaka mwenyewe akuchukue."

Kesho yake wakaenda Mbalizi. Liberatus alikuwa dukani akipanga mifuko. Akawapa soda, akasikitika kweli.

"Ningekichukua, mama. Ila daktari kanikataza vitu vizito."

Wakarudi. Kifungo hupungua kikitumikiwa. Hiki hakikutumikiwa, kikanenepa. Kikajaa kitandani, kisha kikajaa sebule nzima. Tusekile akahamia jikoni na godoro lake, mgongo ukaanza kumsumbua.

Siku moja jirani yake, Mbuke, akaja amemkamata Nashoni na kuku wa wizi kwapani. Nyuma yao walikuwapo watu wa mtaa na mwenyekiti wao. Zamani wangekwenda polisi.

"Siendi huko," Mbuke akasema. "Nitashinda mahakamani, halafu na huyu apate presha. Mpe hicho chako, dada. Si kimekaa bure?"

Mwenyekiti akaona ni wazo zuri.

"Kuku mwenyewe sijamla," Nashoni akasema. "Nilikuwa namtembeza."

Kifungo kikamwekea mkono begani, kumpima. Magoti ya Nashoni yakagusa sakafu.

"Sikukatwa kwa ajili yake," kifungo kikasema kwa haya. "Lakini nimekuchosha, mama. Ukisema niende naye, nitakwenda."

Tusekile alikitamani sana kitanda chake.

"Huyu siye mwenyewe," akasema.

Nashoni akamrudisha kuku, akakimbia. Mbuke akaondoka amenuna, na tangu siku hiyo hakuna jirani aliyenunua tena maandazi ya Tusekile. Walisema anafuga kitu kisichofanya kazi.

Mvua za Machi zilipokolea, miguu ya kifungo ilikuwa imetokeza dirishani, inalowa. Mbalizi, duka la Liberatus lilikuwa limepandishwa ghorofa. Tusekile akaazima sururu, akabomoa ukuta kati ya sebule na jiko, akatoa mafiga nje ili miguu ipate pa kulala.

"Utapikia wapi, mama?" kifungo kikauliza.

"Nyoosha miguu," akasema. Akafungua mwavuli, akaenda uani kukoroga uji.