Ua Lenye Meno

Mimi nasuka nywele mtaa wa Kongo, Kawangware, mwaka wa kumi na tisa sasa, kwenye saluni ya Becky. Nalala Mashimoni, Kibera. Nayasema haya mapema ili ujue sijawahi kuwa mtu wa ofisi, na ofisi zikinikasirisha nina haki.

Tangu mwaka jana vidole vya mkono wangu wa kulia vimekufa ganzi. Haviumi, afadhali vingeuma. Nikisuka, lazima niangalie ndipo nijue kama nimeshika nywele au nimeshika hewa. Nesi aliniambia nipumzishe mikono. Nilipomuuliza nikiipumzisha nitakula nini, akaandika kitu kwenye kadi na kumwita anayefuata.

Basi nikaamua kuacha kusuka niuze vitu vya nywele, kabla wateja hawajagundua. Becky akanipa kona ya mbele, karibu na mlango, lakini akanipa mwisho: Agosti ikiisha bila bidhaa, kona inaenda kwa Joan, msichana wa kupaka kucha. Nikaagiza katoni sita kutoka China, vichana vidogo vya plastiki, kila kimoja na ua la kitambaa juu yake, vile vya kuchomeka kando ya kichwa. Maharusi wanavipenda mno.

Wakala wangu wa kutoa mizigo ni Urbanus, mtu wa kwetu Kitui. Kwenye karatasi za forodha aliandika vichana vya plastiki. Mwanzoni mwa Agosti akanipigia kwamba mzigo umeshikwa bohari, na afisa anataka kuniona mwenyewe.

"Wayua, sikiza," akaniambia mlangoni mwa bohari. "Ukiulizwa, hiyo ni kichana. Usiongeze kitu."

"Kwani si kichana?"

"Ni kichana. Lakini wewe nakujua, unaongea sana."

Afisa aliitwa Bridgit. Alikuwa msichana mpole, nywele zake mwenyewe amezivuta nyuma na kuzifunga kwa mpira. Alikuwa na kitabu kinene ambacho kila kitu duniani kina namba yake humo, na kila namba ina ushuru wake. Vichana vina namba yao, maua ya bandia yana yao, na namba ya karatasi isipolingana na kitu, mzigo hautoki.

"Shida ni hii, mathe," akasema. "Kitu ikiwa na sehemu mbili, tunaangalia ile sehemu inaifanya ikuwe hiyo kitu. Sasa hii ni kichana yenye maua, ama ni maua yenye meno?"

"Ni kichana," nikasema, na nikafunga mdomo. Urbanus akashusha pumzi.

"Sawa. Hebu nionyeshe vile inatumika." Akatoa kimoja kwenye katoni, akakitia mkononi mwangu, akafungua ule mpira na kugeuza kiti. Akanipa kichwa.

Kazi yangu ilikuwa kukichana tu. Kile kitu kina meno matano mafupi. Ningekivuta toka utosini mpaka kisogoni kingekwama, kingeng'oa nywele, Bridgit angepiga kelele, na namba ingebaki ya kichana. Lakini kichwa kikikaa mbele yangu, mikono haingoji kuambiwa. Sijawahi kumtesa mtu kwa kichana kibovu, na siku hiyo sikukumbuka hata kwamba niko ofisini. Nikalaza nywele kwa kiganja, nikagawa, nikasokota upande wa kushoto, nikachomeka ua juu ya sikio.

Tena sikuangalia. Haki ya Mungu, siku hiyo nilizisikia nywele kwa vidole vyangu, moja moja, kama zamani. Nilifurahi hata nikataka kulia. Urbanus alikuwa anakohoa nyuma yangu, nami nikadhani ni vumbi la bohari.

Bridgit akajitazama kwenye simu. Akamwita mwenzake. "Kabiru, kuja uone!"

"Wueh! Hiyo maua imekutoa vizuri," Kabiru akasema.

Bridgit akacheka, kisha akarudi mezani akaanza kuandika. "Umeona, mathe? Hakuna mahali umechana."

"Ningekuchana nayo ungelia!"

"Si ndiyo hiyo sasa."

Akaniomba nimtoe ua, kwa sababu ndilo sampuli. Nikamtoa mwenyewe, taratibu, nisimharibu nywele. Akalitia kwenye bahasha liende kwa wale wanaoamua. Nikamweleza habari za kona, Agosti, na vidole. Akasema pole, na alimaanisha. Hapo ndipo niliposhindwa kabisa, maana hata mtu wa kugombana naye sikuwa naye.

Nje, Urbanus hakunigombeza. "Wewe ni fundi," akasema. "Hiyo ndiyo shida."

Nilingoja. Nilimpigia kila asubuhi, akanijibu kila asubuhi kwamba bado. Tarehe thelathini na moja nilikuwa na kichwa cha Rachael, mteja wangu, nimefika nusu, simu ikalia. Becky akaniwekea sikioni.

"Wameamua ni maua," Urbanus akasema. "Karatasi zote zirudiwe, na kuna faini. Mzigo utakaa huko."

"Mpaka lini?"

"Sijui, Wayua."

Nikamwambia Becky akate. Akakata, akaenda mlangoni kumsaidia Joan, ambaye alikuwa ameshaanza kupanga chupa zake za rangi kwenye kona. Nikarudi kwa Rachael. Niliwatazama wale wawili huku nasuka, sijui kwa muda gani.

"Wayua, mbona umeacha?" Rachael akauliza.

"Sijaacha," nikamjibu.

Nikaangalia chini. Nywele zilikuwa zimeniponyoka kitambo, na vidole vyangu vilikuwa bado vinasuka.