Nyaya Tano za Kipindi cha Thelathini na Moja

Kwa miaka hamsini na miwili nimemtania Segawa Yasuzō kwa sababu ya sekunde kumi na moja. Kila tulipokutana wakongwe wa studio, iwe karamu ya kufunga mwaka au msiba wa mwenzetu, nilingoja sake, pombe yetu ya mchele, inipande kidogo, kisha nikamuuliza mbele ya watu: "Segawa-san, zile kamba za kuanikia nguo umeshazianua?" Watu walicheka hadi machozi. Yeye alikunywa chake kimya, na mimi nikazidi kuona raha.

Uso wangu hamuujui, ila mwili wangu mnaujua. Mimi, Anzai Tokio, ndiye niliyekuwa ndani ya Jitu Tenrai, shujaa wa televisheni. Nilivaa suti ya mpira na sponji yenye matundu mawili ya kuonea, madogo kuliko punje ya soya, nikapigana na madubwana thelathini na tisa, nikavunjika mbavu mbili na kuzimia mara nisizozihesabu. Na sikuwahi kuchelewesha upigaji picha hata siku moja. Hilo nililitangaza kila mahali, mpaka mke wangu akasema nitalitangaza hata nikiwa jenezani.

Segawa ndiye aliyenirusha. Alikaa juu kwenye maboriti ya studio na mafundi wenzake wanne, akishika nyaya nyembamba za chuma, zile za piano, ambazo alizichagua mmoja mmoja kwa vidole na kuzipaka rangi ya anga lililochorwa nyuma yangu. Watoto wa nchi nzima waliamini kwamba naruka. Jina la Segawa lilikuwa hilo tu: fundi ambaye nyaya zake hazionekani. Isipokuwa mara moja. Kwenye kipindi cha thelathini na moja, Tenrai anapopaa kutoka ufukweni, nyaya tano zinaonekana waziwazi kwa sekunde hizo kumi na moja, tatu kati yake nene na nyeusi. Mwongozaji alimvua nguo kwa maneno mbele ya watu wote. Muda wa kurudia haukuwepo, kipindi kikarushwa hivyo hivyo.

Mwaka huu, mwezi wa sita, mvua ikinyesha tangu alfajiri, kampuni inayotoa mfululizo wetu kwenye diski ilituita mjini Chōfu, kwenye chumba chao cha kusafishia picha. Msimamizi wa toleo hilo ni Igarashi Nagisa, mwanamke wa miaka thelathini na mitano hivi, ambaye hata mama yake alikuwa bado mtoto Tenrai alipokuwa akiiokoa dunia. Alituinamia mpaka nikaogopa atajigonga mezani.

"Walimu wangu, karibuni sana."

"Mwalimu wa nani?" Segawa akanung'unika huku akikung'uta mwavuli. "Mimi kazi yangu ilikuwa kuning'iniza watu."

Igarashi akatueleza jambo lenyewe. Filamu zote zilikuwa zimepitishwa kwenye mashine mpya, na sasa picha ilionyesha hata mishono ya suti yangu. Wakubwa wake waliogopa kwamba nyaya nazo zitaonekana, hivyo wakaamua zote zifutwe kwa kompyuta kabla diski hazijatoka.

"Ila tumekwama," alisema. "Kwenye kipindi cha nane kuna ndege ya kikosi cha ulinzi inapita juu ya mji. Tumeitazama siku mbili nzima. Waya hatuuoni."

Segawa ana miaka themanini na sita na mgongo umeshapinda, lakini hapo aliketi wima. "Mmetafuta wapi?"

"Juu ya ndege, mwalimu. Pote pale juu."

"Tafuta chini."

Igarashi akaikuza picha chini ya tumbo la ndege. Polepole zikaonekana nyuzi mbili za kijivu, nyembamba kuliko unywele, zikishuka mpaka kwenye mapaa ya nyumba. Akaziba mdomo kwa mkono. Ndege ile ya mfano na mapaa yake vilikuwa vimening'inizwa kichwa chini na kamera nayo ikageuzwa, kwa sababu kila mtu hutafuta waya juu.

"Siku mbili!" nikamwambia Igarashi. "Na mashine zote hizi! Mama, vidole hivi ndivyo vilivyonishika mimi. Hiyo kompyuta yako ikasome kwanza."

Nilikuwa nimevimba kichwa kana kwamba kazi ile ilikuwa yangu. Segawa alijifanya anatafuta leso, lakini nilimwona akitabasamu.

Tuliendelea hivyo mpaka mchana, tukila onigiri, matonge ya wali, na kunywa chai ya shayiri, Igarashi akiuliza na Segawa akimwonyesha. Kisha ikafika zamu ya kipindi cha thelathini na moja. Nami, mjinga, nikajiweka tayari.

"Anua nguo, Segawa-san, mvua hiyo!" nikapiga kelele nyaya zilipotokea.

Igarashi hakucheka. "Hizi ni rahisi, mwalimu," alimwambia kwa upole. "Kesho jioni hazitakuwepo. Watakaonunua hawatajua kama ziliwahi kuonekana."

Nilidhani mzee atashukuru. Maisha yake yote alikuwa na doa hilo moja, na sasa linaondolewa bila jasho. Lakini Segawa akaweka kikombe chini.

"Hizo usiziguse."

"Lakini mwalimu..."

"Nyingine futa zote ukitaka. Hizo tano ziache."

"Wewe mzee umeingiwa na nini?" nikaruka. "Diski zinakwenda nchi nzima. Watakucheka!"

"Wewe umenicheka miaka hamsini. Nimekufa?"

"Basi toa sababu."

"Sina."

"Ni ukaidi tu huo. Umezeeka vibaya."

Akanigeukia na kiti chake. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kunitazama namna ile.

"Anzai," alisema. "Siku ile suti ilikuwa imekauka?"

Jana yake tulikuwa tumepiga picha za vita vya baharini ndani ya bwawa la studio, na sponji likishakunywa maji halikauki kwa siku moja, hata uliwashie majiko. Sheria ilikuwa inajulikana: suti iliyolowa hairushwi. Lakini kulikuwa na suti ya akiba na mtu wa akiba, kijana mrefu ambaye mwongozaji alikuwa akimmezea mate, na nilijua akiivaa mara moja tu sitapata tena nafasi yangu. Nikaifuta suti yangu kwa taulo, nikajaza magazeti ndani, nikaivaa. Nilipoulizwa, nilisema imekauka. Uongo huo sikuwahi kumwambia mtu, hata mke wangu.

"Ulijuaje?" nikauliza.

"Nilijuaje! Kwenye jaribio nilikuinua shubiri moja tu, kapi likalia. Kilo kumi na nane zaidi ya jana. Unadhani nilikuwa napima kwa macho?"

"Ungesema, Segawa-san."

"Ningesema, wangemvalisha yule mrefu. Na yule alikuwa anaruka kama gunia. Nyaya mbili zisingekubeba. Ungeanguka mita sita kwenye saruji na mzigo wote huo. Nikafunga nyingine tatu nene. Kuzipaka rangi hakukuwa na muda. Mwongozaji alipouliza, nikasema nimekosea hesabu."

Igarashi alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa namtazama mtu niliyemfanya kichekesho hata kwenye mazishi, na aibu ilinipanda mpaka masikio yakawaka moto. Lakini nitasema kweli yote: pamoja na aibu hiyo nilijisikia fahari ambayo suti ya Tenrai haikuwahi kunipa. Fundi bora kuliko wote aliniona nafaa kuliko jina lake.

"Sisi tulikuwa na desturi," Segawa akamwambia Igarashi. "Waya ukimshusha mtu salama, tunauinamia kwanza ndipo tunaukata. Hizo tano niliziinamia mmoja mmoja. Sasa leo nije nizifute?"

Igarashi akatoka kuwapigia simu wakubwa wake. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alieleza kwamba wamekubali, ila kwa sharti moja. Mnunuzi akiona nyaya zile atadhani kampuni imefanya kazi kizembe, kwa hiyo ni lazima pawe na sauti ya kueleza kwa nini zimeachwa. Bila maelezo, kesho zinafutwa.

"Mimi siongei," Segawa akasema. "Nilisema nimekosea, na neno langu ni hilo hilo."

"Basi zitafutwa, mwalimu."

"Siongei."

Alikuwa akinilinda bado, mzee yule, huku mimi mwenyewe nimekaa pembeni yake nikiwa na mvi kichwa kizima. Nikafikiria watu wote niliowatambia kwamba sikuwahi kuchelewesha kazi, na wale ambao wangenunua diski kwa sababu wanampenda Tenrai. Nikaivuta maikrofoni.

"Washa," nikamwambia Igarashi.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilianza na bwawa, nikaingia kwenye sponji na magazeti, nikamtaja hata yule mrefu, na Tenrai akatokomea mawinguni kabla sijafika popote.

"Sekunde ni kumi na moja," Segawa alisema. "Wewe unahutubia bunge."

"Rudisha," nikasema.

Igarashi akarudisha. Bahari ya bwawani ikatulia, Tenrai akainua mikono, na nyaya zikatokea juu ya mabega yangu, tano, mchana kweupe. Mara hii sikuzionea haya.

"Mimi ndiye niliye ndani," nikasema. "Nilidanganya kwamba suti imekauka. Nyaya hizi ni za Segawa Yasuzō, ambaye nyaya zake hazionekani. Hizi aliziacha zionekane ili nishuke mzima."