Mnywa Sumu

Koo la binti yangu Merle lilikuwa likipiga mluzi kama birika lililosahauliwa jikoni. Dondakoo ilikuwa imemtandia utando wa kijivu, na kila pumzi aliivuta kwa mabega. Dawa ilikuwepo mezani, ndani ya kichupa. Taabu ni kwamba ilitoka kwa farasi.

Tuliishi kwenye shamba la farasi wa dawa, nje ya Melbourne, mimi na mume wangu Clarrie, mtunza mazizi. Daktari Una Pettifer aliwachoma farasi wale sumu ya dondakoo, tone leo, wiki ijayo zaidi kidogo, mpaka damu yao ikajua kuikaba. Kisha aliwatoa damu kiasi, akaichuja, akapata dawa. Hodari wao alikuwa Askofu, mzee aliyestaafu kuvuta gari la mikate. Tulimwita hivyo kwa sababu alikuwa akimwinamishia kichwa kila mpita njia.

Na binti yangu, mtoto wa mtunza farasi, hakuweza kumsogelea farasi bila kuvimba macho na kubanwa kifua.

"Nikimpa yote kwa mkupuo, itamuua," alisema Daktari. "Nisipompa, dondakoo itamuua."

"Sasa tufanyeje, Daktari?" Clarrie aliuliza, akiikamua kofia yake kama kitambaa cha vyombo.

"Tuufundishe mwili wake, kama tulivyomfundisha Askofu."

Akaizimua dawa, akamchoma tone. Akaketi, vidole juu ya mshipa wa mkono wa Merle, sindano ya kuokoa pumzi kando yake. Akasubiri. Tone jingine, zito kidogo. Chai niliyomletea ikapoa, ikaota ngozi. Nimeona mikono ya mafundi wengi maishani, lakini mikono isiyo na pupa kama ile sijaiona tena.

"Zungumza naye, mama," aliniambia. "Asisinzie."

"Kitendawili!" nikamwambia mwanangu. Akapepesa macho; ndiyo ilikuwa "tega" yake. "Hunywa sumu, hutoa uzima."

Jua likahama kutoka kitandani hadi ukutani. Kichupa kikaisha. Mluzi ukalegea, ukawa pumzi. Kesho yake, Daktari angali kitini, midomo ya Merle ikatikisika.

"Askofu."

Daktari akainuka, akaanza kukusanya sindano zake.

"Nilijua tu," Clarrie akasema, akiikunjua kofia yake. "Yule mzee anawashinda wa kanisani."

Merle sasa ana wajukuu. Akipita karibu na farasi bado hupiga chafya hadi machozi. Hujifuta, akamwinamishia kichwa, akaendelea na safari yake.