Nyota Tano za Jitu la Chuma

Mhakiki alitandika mkeka mbele ya televisheni, akafuta diski ya kwanza kwa kitambaa cha miwani, akamwomba mama yake apunguze redio. Alikuwa amepewa boksi zima la anime, katuni za Kijapani, na juu yake pameandikwa kwa herufi za dhahabu: MFULULIZO KAMILI. Kazi yake ilikuwa kusema kama picha ni safi, sauti imekaa sawa, tafsiri inaeleweka, na hadithi yenyewe ina kichwa na miguu. Nyota za kupima ubora hazikumhusu. Gazetini kwao nyota zilikwenda kwa mchapaji mapema, zikatengenezewa stika za kubandikwa kwenye boksi, na maneno yakafuata yakipata nafasi. Ndivyo walivyofanya miaka yote na hakuna aliyekufa.

Hadithi ilimnogea kwelikweli. Katika ufalme wa kichawi, msichana anaendesha jitu la chuma linalotembea kwa kuimbiwa. Akikosea sauti, linachechemea. Anakwenda kumkomboa mdogo wake wa kiume, ambaye mchawi amemfungia ndani ya tundu la ndege. Mama, aliyekuwa akikunja nguo na kudai hatazami, alikunja shati moja mchana kutwa.

Kwenye diski ya mwisho jitu lilifika ngomeni, likainua mguu kuvuka kizingiti, na majina ya watengenezaji yakaanza kupanda. Mhakiki alitikisa boksi. Hakikutoka kitu kingine.

"Ndiyo basi?" mama akauliza. "Na mtoto wa watu je?"

Mguu ukashuka. Ulitoka kwenye kioo cha televisheni taratibu, ukasogeza stuli kwa ustaarabu, ukakanyaga sakafu. Mwili ukafuata.

"Hilo likasimame nje," mama akasema. "Nimepiga deki asubuhi."

Jitu likaomba radhi, likapita mlangoni kwa ubavu, likanyooka uani hadi kichwa kikapita nyaya za umeme. Kifua kikafunguka. Rubani, yule msichana wa hadithini, akashuka kwa ngazi, akavua buti mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Rubani akanywa chai, kisha akaeleza. Sehemu ya mwisho ipo. Aliimba mpaka koo likamkauka, na tundu likafunguka. Lakini kampuni iliibania ili iiuze peke yake baadaye, halafu ikasahau, na kisichotolewa huwa hakijatokea. Kwa hiyo mdogo wake bado yumo tunduni.

"Ukiandika kwamba mfululizo haujakamilika, watu watadai, na kampuni itaitoa," akasema. "Nimechoka kuinua mguu, dada."

Mhakiki alikuwa na wadogo zake pia. Aliandika palepale: "Picha safi, sauti tamu. Mwisho haumo. Utakuacha na hamu tu, na kijana wa watu utamwacha tunduni. Msinunue mpaka utolewe."

Asubuhi wakaenda ofisini pamoja. Jitu lilivuka barabara kwenye mistari ya waenda kwa miguu, likisubiri taa kama wenzake. Mhariri, mtu mcheshi ambaye hata mifuko ya shati lake ilipigwa pasi, alisoma makala akitikisa kichwa kwa raha.

"Mwambie mwenzako asiegemee ukuta," akasema, akitazama dirishani. "Rangi mbichi hiyo."

"Na makala?"

"Tamu sana. Ila ndefu."

"Bosi, mwisho haumo."

"Nyota tano zimeshachapwa, dada yangu. Na wenye boksi ndio wenye tangazo la ukurasa wa nyuma. Sasa unataka nizimeze?"

Gazeti likatoka. "Picha safi, sauti tamu. Mwisho utakuacha na hamu." Maneno yote yalikuwa ya mhakiki, ila mengine hayakuwepo. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto. Boksi likauzwa kama njugu, kampuni ikachapa mengine.

Rubani alilia kidogo jikoni, mama akamfuta machozi, akamtandikia kitanda. Alikaa. Mtaa ukamzoea yeye na jitu lake, ambalo lilishika kamba ya nguo bila kulalamika na kushusha paka kutoka juu ya mapaa. Jioni majirani walijaa uani, naye akawaimbia sehemu ya mwisho. Tundu lilipofunguka walipiga makofi na vigelegele, na wengine wakadai lifunguliwe tena.

Siku moja likaletwa boksi jipya. Jalada lilikuwa na picha ya mdogo wake rubani. Kwenye toleo la kwanza alikuwa ameketi. Sasa alikuwa amesimama, ameshika vyuma, na stika ya nyota tano imebandikwa juu ya mdomo wake.

"Kuna kitu anasema," rubani akasema.

Mama akaleta maji ya uvuguvugu. Wakailowesha stika, wakaibandua polepole kwa ukucha, isije ikamchuna mtoto. Ikatoka nzima. Chini yake palikuwa na stika nyingine, ya gazeti jingine, nayo ya nyota tano.

Mama akaenda kuongeza maji ya moto.